Uvungu wa dungu la Bibi

Dungu la mpunga la Bibi pale Mtunda lilisimama juu ya nguzo za mkandaa, kimo cha kifua, na uvungu wake haukuwa na mwenyewe. Kuku walitaga humo, mbuzi walijibanza humo mvua ikinyesha, panya walipitia humo kwenda kula juu. Siku nyoka alipokutwa amejikunja penye mayai, mjomba aliapa kuuziba.

"Mama, nikimaliza hapa hata sisimizi hapiti."

"Na hewa itapita wapi, mwanangu?"

Bibi alijua alichouliza. Watu wa kwetu Rufiji wamejenga madungu bondeni tangu zamani, mafuriko yapite chini wao walale juu. Hata serikali ilipowahamishia vijiji vya juu, kuanzia 1968, ujuzi huo waliondoka nao. Lakini mjomba alishapigilia fito pande zote nne, akakandika udongo, akamalizia kwa lipu ya saruji. Majirani walikuja kuitazama kazi, wakaisifu.

Masika yakaingia. Ardhi ikanywa maji mpaka chini ya dungu, unyevu ukapanda, pa kutokea hakuna. Mpunga wa kuweka unatakiwa usizidi unyevu wa asilimia 14. Ukizidi, ukungu hauchelewi. Bibi alitia mkono kwenye gunia la chini, akauma punje. Haikulia.

"Huu unataka kurudi shambani," alisema.

Balaa lenyewe lilikuwa nyuma ya lipu. Mchwa hukimbia mwanga na hewa kavu, ndiyo maana hupanda nguzo wakijijengea vijia vya udongo. Uvungu ulipokuwa wazi, Bibi aliviona vijia hivyo na kuvikwangua kila alipofungulia kuku. Sasa walikuwa na giza, unyevu na faragha. Nguzo za mkandaa ziliwashinda, kwani mti wa mikoko una ugumu wake. Fito za sakafu, zilizokatwa porini, walizila zikabaki maganda.

Usiku tukasikia kishindo. Tulipotoka na tochi, gunia limetoboa sakafu limelala uvunguni, na mjomba, aliyepanda kuliokoa, amezama mguu mmoja hadi pajani.

"Mama! Mama nakufa!"

"Hufi. Tulia tukutoe."

Kulipokucha ukuta ulivunjwa. Mpunga uliopona ukaanikwa majamvini. Ulioota ukungu Bibi alikataa hata kuku wasipewe, na alikuwa sahihi. Mjomba alichimba mtaro kuzunguka dungu, akainua ardhi ya chini kwa kifusi na kuishindilia maji yasituame. Kila nguzo akaivisha bati lililokunjwa kama faneli, mdomo ukitazama chini, panya akipanda agonge hapo ageuke.

Kwingine uvungu hufungwa, ila kwa utaratibu: Marekani, ambako nyumba nyingi zina uvungu, fundi anayeufunga huelekeza kwanza maji mbali na msingi, hutandaza nailoni nzito juu ya udongo, kisha huacha ukanda mtupu ukutani ili mchwa wakipanda waonekane. Ghala la nafaka la kijijini halihitaji kufungwa, linahitaji upepo.

Wewe mwenye dungu, kabla ya masika inama uzikague nguzo zako. Na kila jioni ondoa ngazi, maana bati halimzuii panya aliyeachiwa ngazi.