Kruzi Imehamia Wapi?

Dereva anayetoka Dodoma kwenda Morogoro hukutana na namba 50 mara nyingi kuliko anavyokutana na mti wenye kivuli. Ipo 50 ya Buigiri, ipo ya Mbande, ipo ya Kibaigwa kwenye soko la mahindi, ipo ya Pandambili, ipo ya Gairo. Kila moja ina kibao chake, matuta yake na, siku ukiwa umeamka vibaya, askari wake mwenye tochi. Tochi hiyo haimuliki kitu. Inapima mwendo, na ikikuonyesha 58 basi faini ni shilingi 30,000, hata kama ulikuwa unapangusa jasho tu na mguu ukajisahau kwenye mafuta.

Mhasibu mmoja wa serikali aliichukia tochi hiyo kwa moyo wote. Alikuwa miongoni mwa waliofungasha vyombo Dar es Salaam baada ya tamko la Julai 2016 kwamba serikali sasa inahamia Dodoma kweli, si kwa maneno yaliyokuwa yakirudiwa tangu 1973. Familia ilibaki Dar kwanza, kwa hiyo miaka ya mwanzo aliishi barabarani. Siku hizi wenzake wengi hupanda treni ya SGR, ambayo imekuwa ikifika Dodoma tangu Julai 2024, lakini yeye ana Toyota Mark X, na mwenye Mark X haachi gari uani akapange foleni stesheni.

Dawa ya tochi aliigundua kwenye usukani wenyewe. Chini ya usukani, upande wa kulia, magari mengi ya Toyota yenye kruzi yana kijiti kifupi kinachozunguka pamoja na usukani. Unabonyeza ncha yake, taa ya kijani inawaka kwenye dashibodi. Ukifikia mwendo unaoutaka unakisukuma chini, unaondoa mguu, na gari linashika mwendo huo lenyewe mpaka uguse breki. Mhasibu akawa anakaribia kibao, anapunguza hadi 48, anasukuma kijiti, kisha anampita askari kwa tabasamu la mtu mwenye risiti zake zote.

Kazini walimcheka. Kruzi, walimwambia, imetengenezwa kwa barabara za Ulaya, mtu aweke 120 asinzie, si kwa kupita Kibaigwa nyuma ya mkokoteni wa punda. Hapo wacheshi hao walikosea, na historia iko upande wa mhasibu. Aliyeibuni ni Ralph Teetor, mhandisi wa jimbo la Indiana nchini Marekani, aliyepoteza macho akiwa na umri wa miaka 5. Maisha yake yote alikuwa abiria. Mwanasheria wake alikuwa na tabia ya kupunguza mwendo akizungumza na kuongeza akisikiliza, na Teetor, ambaye barabara aliisoma kwa mgongo na kiti, alichoka kusukwasukwa. Isitoshe, wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani iliweka kikomo cha maili 35 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 56, ili kuokoa mipira na mafuta. Tatizo lililomsumbua Teetor basi lilikuwa lile lile la Pandambili: mtu afanyeje asipite hamsini na kitu? Hataza aliipata mwaka 1950, na Chrysler wakakiuza kifaa hicho kwenye magari yao ya mwaka 1958. Hayo ya kusinzia kwenye 120 yalikuja baadaye.

Sasa, mtu mwenye kifaa kinachomwokolea 30,000 kila anaposafiri anabadilishaje usukani, kama alivyofanya mhasibu? Swali la haki, na jibu lake ni jua. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni ya kuhesabu, na gari likiegeshwa kazini Mtumba kutwa nzima bila banda, ngozi ya usukani hubambuka na kunata viganjani. Mhasibu alitaka ngozi mpya. Alichopewa dukani ni usukani mzima: mdogo, mweusi, wenye uzi mwekundu na nembo inayofanana sana na ya Momo.

Momo ni jina zito. Lilianza mwaka 1964 kwa usukani ambao mshindani wa mbio za magari, Gianpiero Moretti, alitengenezewa, na mwaka huo huo John Surtees akautumia kwenye Ferrari na kuwa bingwa wa dunia wa Formula One. Lakini usukani wa mbio hauna eabegi wala hauna pa kufungia kijiti cha kruzi. Kwenye mbio hakuna anayeogopa tochi.

Fundi hakuona shida. “Mkuu, hii ni kazi ya nusu saa,” alisema, kauli ambayo mwenye gari yeyote akiisikia hupiga simu nyumbani kusema asisubiriwe kwa chakula. Alitoa waya wa betri. Kitabu cha Toyota husema usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa soketi za njano za eabegi, maana umeme hubaki umejificha humo. Fundi alisubiri kwa muda wa kumaliza soda, na kwa hilo tumpe haki yake. Eabegi ikatoka, mhasibu akaipeleka nyumbani na kuiweka juu ya kabati la nguo, uso ukiangalia chini, juu ya sanduku la vitenge vya mkewe.

Nyuma ya usukani kukabaki spairo. Ndani ya kidude hicho cha plastiki mna utepe mwembamba wa nyaya uliojikunja mfano wa futi ya fundi cherehani, ndio unaopitisha umeme wa honi, eabegi na kruzi huku usukani ukizunguka. Kutoka katikati unaruhusu takribani mizunguko miwili na nusu kila upande, basi. Ukitoa usukani unatakiwa uifunge kwa utepe wa gundi isicheze. Kijana wa gereji aliizungusha kwa kidole huku akiongea na simu.

Honi ilihamia kwenye kitufe cha katikati ya usukani mpya. Kijiti cha kruzi kilikosa pa kukaa, fundi akatoboa plastiki karibu na gia na kukisimika pale, waya ukipita chini ya zulia. Ilikuwa Ijumaa jioni. Mhasibu alifika nyumbani bila kupiga honi hata mara moja, jambo la kawaida kwa watu wa Dodoma na la kustaajabisha kwa aliyelelewa Dar.

Jumamosi asubuhi alisimamishwa kwa ukaguzi.

“Washa taa, mzee. Indiketa kulia. Kushoto. Haya, piga honi.”

Akabonyeza. Kimya. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya kijani ya kruzi.

“Honi, mzee.”

Akabonyeza tena. Taa ya kijani ikazimika. Mama wa Kijapani anayeishi ndani ya gari, yule ambaye kila likiwashwa hulalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa, safari hii hakuwa na la kusema. Mhasibu akabonyeza mara ya tatu, taa ikawaka upya, askari akainama dirishani kusikiliza vizuri. Kwa kuchanganyikiwa, mhasibu akaona heri kwanza aizime kruzi, akanyoosha mkono kwenye gia na kubonyeza ncha ya kijiti. Gari likapiga honi ya nguvu kiasi kwamba bajaji iliyokuwa mbele ikapanda ukingo.

“Inalia,” alisema askari, akimtazama. “Sasa mbona umeificha?”

Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Honi ya Toyota inalia pale waya mmoja unapogusishwa na bodi ya gari. Kruzi nayo hutumia waya mmoja kwa amri zake zote, na kompyuta ya gari hutambua amri kwa kupima ukinzani: kuongeza mwendo ni kama omu 240, kupunguza ni kama 630, kufuta ni kama 1,540, na kuwasha au kuzima ni karibu na sifuri. Fundi alibadilishanisha nyaya mbili tu. Kitufe cha honi kilipogusisha waya wa kruzi na bodi, kompyuta ikasoma sifuri, ikatii: washa. Haijui wala haijali kidole kimebonyeza wapi. Upande wa pili kijiti kikawa kimekabidhiwa honi.

Ukiufikiria, ni mpangilio wa akili sana, na ndio unaofanya kruzi ihamishike kirahisi. Kijiti hicho ni swichi na vikinzani vichache. Popote waya unapofika, kruzi inafika. Ungeweza kuifunga kwenye buti ukitaka. Tatizo la mafundi ni kwamba kitu kikiweza kukaa popote, wanakiweka popote.

Nyaya zilirudishwa mahali pake na kwa majuma kadhaa mambo yakawa shwari, mpaka mhasibu alipokwenda Bahi kumchukua mama mkwe. Mama alikaa kiti cha mbele, kijiti cha kruzi kikiwa kando ya mkono wake wa kulia. Redio ilikuwa wazi kwa sauti ndogo, kwa heshima. Walipokaribia Nala mhasibu akapunguza hadi 48, akaweka kruzi, akatulia. Saa ya taarifa ya habari ikafika.

Mama mkwe ni mtu mstaarabu. Hakutaka kumsumbua mkwewe anayeendesha. Aliona kile kijiti, akaona kina alama ya kujumlisha upande wa juu, akakiinua kidogo kwa ncha ya kidole. Sauti ya redio haikupanda. Akakiinua tena, kisha tena, taratibu, kama mtu anayetafuta stesheni usiku. Kila mguso wa namna hiyo humwongezea dereva kama kilomita 1.6 kwa saa. Mhasibu, macho barabarani na moyo ukiwa na imani kamili na Teetor, alisikia injini ikikazana akadhani ni kijilima.

Tochi ilisoma 64.

“Haiwezekani, afande. Nimeweka 48 mwenyewe.”

“Mbukwa, mwanangu,” mama alimsalimu askari kutoka kiti cha pili, kwa upole. “Usimgombeze mkwe wangu. Mimi nilikuwa naongeza redio, ila redio yake inatoa sauti ya injini.”

Kontroli namba ilitoka, 30,000 ikalipwa, na njia nzima iliyobaki hakuna aliyegusa kitu. Usiku mhasibu alipiga hesabu kama ilivyo kazi yake: 64 toa 48, gawanya kwa 1.6. Mama alikigusa kijiti mara kumi kamili.

Kruzi ikahama tena. Safari hii fundi aliifunga kwenye kifuniko cha plastiki kinachoshika mhimili wa usukani, kisichozunguka, na akaunganisha waya moja kwa moja chini ya spairo. Kiufundi hapo ndipo mahali sahihi kwa usukani usio na nafasi ya kijiti: kipo jirani na mkono, hakihitaji utepe, wala hakizunguki ukiwa kiplefti. Lakini kushoto kuna swichi ya waipa na kulia ya indiketa, kwa hiyo kijiti kikasukumwa chini kidogo, mahali ambapo goti la mtu mrefu hupita. Kila akiingia garini goti lilikisalimu. Haikuwa hatari, kwa sababu kruzi za aina hii hazikubali kushika chini ya kilomita 40 hivi kwa saa, na breki huzifuta papo hapo. Ilikuwa kero tu, iliyogharimu suruali mbili.

Lisilo kero bali balaa ni ile taa nyekundu ya eabegi. Ilikuwa inawaka muda wote tangu usukani ulipobadilishwa, na fundi akajitolea kuizima kwa kuchomeka kikinzani cha kama omu 2 kwenye soketi ya njano, ili kompyuta iamini eabegi ipo. Mafundi wengi hufanya hivyo, na kwa maoni ya mwandishi huo ni uongo wa kitoto unaoambiwa mashine ya watu wazima. Eabegi halisi hufumka ndani ya sehemu kama 30 au 40 za elfu za sekunde, kabla hujawahi kupepesa jicho. Kikinzani hakifumki.

Mhasibu hakushawishika na mwandishi. Alishawishika na mkewe. Siku mama watoto alipoteremsha sanduku la vitenge alikutana na kile kitu, akauliza ni nini, akajibiwa, akauliza kwa nini kimelazwa kifudifudi. Kwa kweli eabegi iliyotolewa huwekwa uso ukiangalia juu, kwa sababu ikifumka kwa bahati mbaya ikiwa imelala kifudifudi, hurushwa juu nzima nzima. Juu ya kabati palikuwa na feni ya dari, na chini ya feni, kitanda.

Wiki hiyo usukani wa zamani ulipelekwa kwa fundi wa viti, akaushonea ngozi mpya kwa bei ndogo kuliko ya kuhamisha kruzi mara moja. Spairo ilikuwa imekatika ndani, ikanunuliwa nyingine. Eabegi, honi na kijiti vikarudi kwao, taa nyekundu ikazimika yenyewe bila kudanganywa. Ule usukani wenye uzi mwekundu umetundikwa ukutani gereji, na fundi humwambia kila mteja kwamba ni kazi ya nusu saa.

Mama mkwe alipopanda tena gari, aliangalia lile tundu tupu karibu na gia kwa muda mrefu.

“Mkwe wangu,” aliuliza, “ile redio mliiuza?”