Misingi ya Penyolojia: Kizimba cha Chatu na Mahali Pake Ulimwenguni

Kaa vizuri, mwanafunzi, na simu uizime. Leo tunaingia katika elimu ambayo vyuo vikuu vimeikwepa kwa haya: ujenzi wa kizimba cha nyoka wa kufugwa. Wapo wanaodai kuwa hiyo ni kazi ya seremala tu. Hao tutawaacha nje ya mlango, ingawa mlango wenyewe, kama utakavyoona, ni dhana tata.

Kwanza fasili. Seremala atakwambia kizimba ni plaiwudi, kioo na skrubu. Kosa kubwa! Kizimba ni jumla ya penyo zilizozuiwa na mbao kwa muda. Mbao ni ajali, upenyo ndio asili. Kwa hiyo taaluma hii naiita Penyolojia, na aliyebobea ndani yake ni mwanapenyo. Kwa sasa tupo mmoja.

Mnyama wetu wa mfano ni Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye Wazungu humfuga sana majumbani, nami namfuga hapa Leicester. Akikomaa hufikia mita 1 hadi 1.5. Akitishwa hujikunja kama mpira na kukificha kichwa katikati. Akitunzwa vizuri aweza kufika miaka 30, yaani atakuwa bado anakutazama siku utakapomaliza kulipa mkopo wa nyumba.

Kihistoria binadamu alichelewa. Jumba la kwanza duniani la kuonyeshea reptilia lilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London mwaka 1849. Karne zote za kabla ya hapo naziita Zama za Upenyo Huria. Mji wa Ouidah, nchini Benin, umebaki katika zama hizo kwa hiari yake: pana hekalu la chatu hawahawa, nao huachiwa watoke wakatembee mjini, na wenyeji wakiwakuta huwarudisha kwa heshima. Jambo hilo lilinikosesha usingizi kwa kuwa lilielekea kuipinga nadharia. Baada ya tafakuri ndefu nimeliainisha ipasavyo: ni kizimba chenye ukubwa wa mji.

Sasa chukua kalamu. Penyo ni za aina tano.

1. Upenyo-mkato. Huu huzaliwa na msumeno. Ulikusudia ubao wa sentimita 120, ukapata 119.6. Wewe unaziita milimita nne. Mtoto wa nyoka anaziita barabara.

2. Upenyo-pishano. Hapa ndipo ujana wangu ulipoishia. Vioo viwili vya kusukuma hupishana kwenye reli, na kati yao hubaki nafasi. Nafasi hiyo ina hali mbili ambazo ni marufuku kuzichanganya: pishano-tuli, iliyopo hata nyoka akiwa amelala, na pishano-tendi, inayojitokeza akianza kusukuma. Chatu hana mkono, ila ana pua, na subira yake yampita mdai wa dukani. Ndiyo maana tunafunga kufuli.

Hapo hapo linazuka swali ambalo wanafunzi wavivu hulikimbia. Nyoka ambaye nusu iko ndani na nusu nje, je, ametoroka? Mkabala wa kichwa unajibu ndiyo. Mkabala wa mkia unajibu bado. Mimi ni muasisi wa mkabala wa tumbo: nyoka ametoroka pale ambapo mlo wake wa mwisho umevuka kizingiti.

3. Upenyo-waya, wa kupitishia nyaya. Ziba kwa silikoni, tuendelee.

4. Upenyo-halali, ambao watu wa kawaida huuita tundu la hewa. Ni upenyo pekee unaoutoboa mwenyewe kwa moyo mkunjufu. Ukiwa haba, unyevu hutuama na mapafu ya mnyama huugua. Ukizidi, joto lote linakwenda zake. Na joto, mwanafunzi, ndilo uhai wenyewe, kwani nyoka halitengenezi mwilini, bali hulifuata lilipo. Tendo hilo naliita jotohamo. Upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na wa pili ushuke hadi 25 au karibu na hapo, ili ahame apendapo. Taa iongozwe na themostati na ivikwe wavu, la sivyo atajizungusha juu yake mpaka aungue.

Sakafu nayo ina balaa lake. Maranda ya mwerezi yana mafuta yanayomdhuru, kwa hiyo tunatandika makumbi ya nazi, ambayo huku huuzwa kama tofali kavu la kulowekwa. Nilimweleza shangazi yangu wa Tanga kwenye simu kwamba nimenunua makumbi kwa pauni. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, “Mwanangu, na paka huko hakuna?” Nimeliandika swali hilo daftarini chini ya kichwa “Upinzani wa Kitaaluma.”

5. Upenyo-pendwa. Huu ndio unaonitesa. Kwao Afrika Magharibi chatu huyu hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, hivyo lazima apewe maficho mawili, moja upande wa joto, jingine upande wa baridi, tena yawe finyu kiasi cha kumgusa mbavu. Nilimjengea kasri la sentimita 120 kwa 60 kwa 60, lenye tawi la kupanda na mandhari ya msitu. Mchana kutwa yumo ndani ya kisanduku kisichozidi kile cha viatu. Aliuona upenyo, akaingia! Penyolojia nzima imesimama juu ya msingi kwamba nyoka anataka kutoka.

Zoezi la nyumbani. Keti mbele ya kizimba kuanzia saa mbili usiku, taa ya chumba ikiwa imezimwa. Pua ikianza kusukuma kioo, amua kama mnyama anatafuta kutoka au anatafuta kuingia mahali padogo zaidi. Usiguse kufuli. Viatu vyako viweke juu ya meza, na asubuhi vikung’ute kabla ya kuvaa.