Hongera kwa Kukamata Debe la Maharage

Taifa limeponea chupuchupu. Mama amenaswa njia ya panya, debe la maharage kichwani, mtoto mgongoni. Angeachiwa, hazina ya serikali ingekauka kabla ya adhuhuri.

Tena alikosa nini? Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lipo tangu Julai 2010. Vituo vya pamoja vya mpakani, Namanga na Busia, vilizinduliwa 2018, marais wakaja kwa misafara. Mzigo wa bidhaa za Jumuiya zilizo kwenye orodha, usiozidi dola 2,000, una cheti chake rahisi cha uasili, na ushuru wa forodha hautozwi. Mtaji wa mama ni mkopo wa kikoba, lakini dola 2,000 tumemruhusu. Atake nini zaidi?

Kweli, kuna pia cheti cha afya ya mimea, ambacho huenda kikamgharimu zaidi ya faida ya debe. Hicho si kikwazo, ni elimu ya uraia. Akikata tamaa akapita kichakani, huko nako yupo wa kumpokea, asiyetoa risiti.

Mwenye lori hasumbuki hivyo. Ana wakala wa forodha na mwanasheria. Mzigo ukikwama, simu zinapigwa. Mama hupigwa faini. Ila asijali: semina ya kumwezesha mwanamke wa mpakani itafanyika hotelini, posho zipo, na maharage ya mchana yametoka kwenye debe la nani, wajumbe wasiulize.