Hodi kwa Mwenye Banda: Mwongozo kwa Aliyeumwa na Sungura

Umeumwa. Kidole kinavuja damu, mtoto analia pembeni, na sungura amesharudi kwenye kona yake anatafuna nyasi. Kabla hujalitaja neno "kitoweo", osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, na usilifanyie haraka. Jino la sungura huacha tundu dogo kwa juu lakini refu kwa ndani. Likianza kuvimba, au kama hukumbuki mara ya mwisho kuchomwa sindano ya pepopunda, nenda zahanati leo hii.

Ukirudi, tuzungumze adabu. Yako, si yake.

Banda umelijenga wewe, mbao na wavu umenunua wewe, lakini hati ya nyumba anayo yeye. Hasa akiwa jike. Jike aliyekomaa ni mama mwenye nyumba wa kweli: anajua kila kitu kilipo, na anataka kibaki hapo hapo. Mtazame mkono unapoingia kuchukua bakuli. Masikio yanalala nyuma hadi yanagusa shingo. Mkia unanyanyuka. Koo linatoa mguno mfupi, mzito kuliko unavyotegemea kwa mnyama wa kilo nne. Kisha miguu ya mbele inaupiga mkono, haraka haraka, na meno ndiyo huja mwisho. Amekuonya mara nne kabla ya kuuma. Mkono uliopuuza maonyo yote manne hauna kesi.

Kwa hiyo usisafishe banda akiwamo. Fungua mlango, rudi nyuma, mwache atoke kwa hiari yake, ndipo uingie na ufagio. Ukimaliza, rudisha kila kitu mahali pake, na mwachie nyasi kidogo zenye harufu yake asije akakuta nyumba ngeni. Wengi wanaolalamika kwamba sungura wao ni mkali hawajawahi kukutana naye nje ya banda. Mkalishe sebuleni au uani penye uzio, ukae chini sakafuni, unyamaze. Yule yule aliyekurukia asubuhi atakuja kukunusa magoti jioni.

Hodi yenyewe hupigwa kichwani. Macho ya sungura yako pembeni mwa kichwa, na anaona karibu pande zote, hata juu anakotokea mwewe. Asichokiona ni kile kilicho mbele kabisa ya pua na chini ya kidevu. Ukimpelekea vidole puani avinuse, kama tulivyozoea kwa mbwa, unamletea kitu kilichotokea gizani. Pitisha mkono kwa upande, polepole, auone unakuja. Ushushe katikati ya masikio na uutulize pale. Sungura wanaopendana hulambana kichwani, kwa hiyo mkono uliotua hapo maana yake anaijua.

Na uwe umenawa. Mkono uliotoka kumenya karoti unanuka karoti, na sungura akiuonja hajatenda kosa lolote. Hapa nawasihi wazazi: wakatazeni watoto kupenyeza majani ya sukuma wiki kwenye matundu ya wavu. Ndiyo shule ambamo sungura wengi hufundishwa kudaka chochote kinachopenya, na kidole hupenya vizuri kuliko jani.

Si kila jino ni vita. Kuna kule kung'ata kidogo ukingo wa suruali au ngozi ya kifundo cha mguu, bila mguno na bila masikio kulala. Huko ni kuomba njia: umesimama anapotaka kupita. Sogea, mambo yaishe. Akikulamba mkono kisha akang'ata uzi wa shati, anakusafisha, na uzi ameuona ni uchafu. Pale anapouma kweli, ng'ang'ana usivute mkono kwa ghafla, kwa sababu kuvuta ndiko kunakochana ngozi. Toa mlio mfupi wa juu, "aii!", jinsi kitoto cha sungura kinavyolia kikiumizwa. Kumpiga ni mwiko. Sungura hajui kiboko ni cha kosa gani. Anachojifunza ni kwamba mkono ni adui, na kuanzia siku hiyo ataanza yeye.

Sasa tuje kwenye mbegu, maana muuzaji atakuapia kwamba ukali uko kwenye mbegu na kwamba yake ni ya upole. Ana robo ya ukweli. Flemish Giant, yule jitu wa Ubelgiji anayepita kilo 6, kwa kawaida ni mtulivu na mzito wa hasira. Netherland Dwarf, wa Uholanzi, ana uzito wa kama kilo moja na sura ya mtoto wa katuni, na huyo mdogo ndiye anayejulikana zaidi kwa kushtuka na kurusha meno. Checkered Giant ana nguvu na wasiwasi mwingi, na hapendi kushikwashikwa. Dutch mwenye mkanda mweupe ni mchangamfu na huzoea watu haraka. Kwa jina ni wa Uholanzi, kwa malezi ni wa Uingereza.

Anayeonewa zaidi ni New Zealand White, ambaye licha ya jina alitengenezwa Marekani. Ni mweupe pe, macho mekundu, na watu humwogopa kwa macho hayo. Wekundu ule ni damu tu inayoonekana kwa kuwa jicho halina rangi yake. Kwa tabia, huyu na binamu yake California White, mwenye pua na masikio meusi, ni miongoni mwa wapole, na sababu yake ni ya kifugaji kabisa: hawa ni sungura wa nyama na wa maabara, na mfugaji mwenye majike arobaini hamweki jike mkali azae tena. Vizazi kwa vizazi wenye meno mepesi waliishia sufuriani. Jambo moja tu ukumbuke: macho yasiyo na rangi hayaoni vizuri, na utamwona akiyumbisha kichwa kushoto na kulia ili apime umbali. Kwake piga hodi polepole zaidi.

Lakini kwetu, nani anauza mbegu safi? Sungura wa sokoni Nairobi au Arusha, aliyetiwa kwenye boksi la katoni lenye matundu, mara nyingi ni chotara wa chotara. Jina la mbegu linalotajwa pale ni rangi ya manyoya na matumaini ya muuzaji. Ndiyo maana nasema usinunue jina. Uliza alivyolelewa. Mama sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, tena kwa dakika chache, kisha huondoka. Mwaka 2000 watafiti wa Hungaria, Bilkó na Altbäcker, walichapisha matokeo yao: vitoto vilivyoshikwa na watu mara kwa mara katika siku za mwanzo, karibu na saa ya kunyonya, vilipokua havikumwogopa binadamu. Ilikuwa hivyo hata kwa wale wa mwituni. Kwa hiyo muulize mfugaji, "Hawa ulikuwa unawashika tangu wadogo?" Akikuambia hakuwahi kufungua kisanduku cha kuzalia, mbegu ya kifalme haitakusaidia.

Kuna pia suala la umri, ambalo huwavuruga watu sana. Mnamleta nyumbani ana miezi miwili, anakubali kila kitu. Anafika miezi minne au mitano, anageuka. Hakuna aliyemloga. Amebalehe. Dume atakuzunguka miguu, atakunyunyizia mkojo na kukung'ata. Jike atalinda kona yake, na wakati mwingine atajiona ana mimba isiyokuwapo kwa siku kama 16 hadi 18, anyofoe manyoya ya kifuani na kutandika kiota. Katika siku hizo mwache kabisa. Dawa ya kudumu ni kumhasi dume na kumwondoa jike kizazi, jambo ambalo pia humkinga na saratani ya mji wa mimba, inayowapata majike wengi wasiofanyiwa upasuaji huo wanapozeeka. Muulize daktari wa mifugo kama amewahi kumpasua sungura. Akikuambia umshindishe njaa usiku mzima kabla ya upasuaji, tafuta mwingine: sungura hawezi kutapika, na tumbo lake halitakiwi kukaa tupu.

Kumbeba, ikilazimu, ni mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mwili wake ukiwa umeegemea wako. Kamwe usimnyanyue kwa masikio. Miguu ya nyuma ina nguvu kuliko mifupa ya mgongo wake, na teke moja hewani linaweza kumvunja uti. Anajua hilo kwa mwili wake, ndiyo maana anauma akiinuliwa. Watoto wadogo wasimbebe kabisa. Wakae chini, aje yeye.

Na yule aliyekuwa mpole mwaka mzima, leo akauma bila sababu? Huyo usimsomee adabu. Meno ya sungura hukua maisha yote, ya mbele kwa kama milimita 2 kwa wiki, na asipopata nyasi za kutosha za kuyasaga, ya nyuma huota ncha zinazokata ulimi na shavu. Angalia kidevu kama kimelowa mate. Angalia kama anaokota chakula kisha anakidondosha, kama anakataa kuguswa upande mmoja, kama kinyesi kimekuwa kidogo na kikavu. Asipokula wala kunya kwa nusu siku, usingoje kupambazuke. Mpeleke usiku huo huo, na ubebe fungu la nyasi anazozijua.