Kiti cha Enzi Msituni

Kukaa juu ya jiwe kumepitwa na wakati. Mpanda Kilimanjaro wa kisasa akipumzika msituni, njia ya Machame, anatoa bembea ya kitambaa, anazungusha mikanda kwenye miti miwili, anaketi kwa kukingamisha, miguu chini, mgongo umeegemea. Tuseme haki: ni kiti kizuri. Hakina mguu wa kuvunjika, hakijali tope wala mteremko, na kikikunjwa kinaenea kwenye viganja viwili. Mikanda mipana haichubui gome. (Kamba nyembamba huchubua, ila mwenye nayo keshasinzia, tusimsumbue.)

Tatizo ni mlima, ambao haukushirikishwa. Kwenye mita 3,000 hivi msitu unaaga. Vinafuata vichaka, kisha mawe na vumbi. Huko kileleni Uhuru, mita 5,895, bwana mkubwa atafunga wapi? Kwenye ule ubao wa kupigia picha?

Bembea hata hivyo inaendelea kupanda, siku baada ya siku, ndani ya mzigo wa mpagazi. Kanuni ya hifadhi inamruhusu abebe kilo 20 tu, lakini "hii ni nyepesi," anasema asiyeibeba. Mpagazi huyo atamtangulia kambini, atasimamisha hema, atachota maji, ndipo atafute pa kukaa. Atakaa juu ya jiwe.

Basi mgeni wetu, bembea yako ibebe mwenyewe. Na wapagazi wakipita na mizigo, inuka, wapishe wakae kwanza.