Na Chapati Je?

Mwambie mtu wa Mandera kwamba daktari amekukataza ngano. Atakupa pole, atafikiri kidogo, kisha atauliza: "Na chapati je?" Wala hakukejeli. Kwetu ngano ni ile nafaka ya Narok inayoonekana kwenye runinga. Chapati ni chapati. Anjera ni kifungua kinywa, pasta ni chakula cha mchana, sambusa ni Ramadhani. Jamaa yangu mmoja alinisikiliza hadi mwisho kwa huruma kubwa, akatoka, akarudi na pakiti ya biskuti, maana mgonjwa haachwi na njaa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa siliaki. Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Mwenye siliaki akiila, kinga yake mwenyewe huugeukia utumbo mwembamba na kuharibu vile vijinyuzi vinavyofyonza lishe. Chakula kinapita, mwili hauambulii kitu. Unakonda, damu inapungua, tumbo linajaa hewa na choo kinakuwa sebule yako. Kwa dalili hizo nilitibiwa amiba, taifodi, minyoo, vidonda vya tumbo na jicho la hasidi, na kila tiba ilikuja na ushauri uleule: kula kitu chepesi, chai na mkate. Jibu lilipatikana Nairobi, mwendo wa kilomita elfu moja hivi, kwa kipimo cha damu na kamera iliyoteremshwa kooni ikanyofoa vipande vya utumbo. Dawa hakuna. Ni kuacha gluteni maisha yote.

"Tumia sahani yako peke yako," daktari akaniagiza. Ni wazi hajawahi kualikwa Mandera. Huku sinia ni moja, wali katikati, nyama ya mbuzi juu, na mikono yote inakutana hapo. Wali hauna neno, mbuzi hana neno. Tatizo ni mjomba wangu, ambaye hali wali bila kurarua chapati juu yake na kuichovya kwenye mchuzi wa wote. Nilipojitenga na kisahani changu, chumba kizima kilinyamaza. Baada ya chakula wazee wawili waliniita pembeni kuniuliza nimekosana na nani, na kama mbuzi mmoja atatosha kusuluhisha.

Kwa shangazi, eedo wangu, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ananipenda. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Eedo hupima kwa kiganja. "Supu haina ngano, wallahi. Nimetia unga kidogo tu wa kuifanya nzito." Viazi vyake havina ngano pia, isipokuwa vimeogelea kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa. Nikikataa, anawaambia majirani kwamba Nairobi imenifundisha maringo.

Pasta nayo tuliachiwa na Waitaliano waliotawala Somalia. Wao waliondoka, tambi zikabaki. Hapa huliwa na ndizi mbivu pembeni. Ndizi za kando ya mto Daua hazinidhuru hata kidogo, kwa hiyo kwenye harusi mimi ndiye mgeni anayeonekana akila ndizi tupu mbele ya mlima wa pasta. Mama mmoja aliwahi kuninong'oneza nisione haya, meno ya bandia siku hizi ni bei nafuu.

Mahali pekee ugonjwa huu ulikonipa sifa njema ni kwenye mashine ya kusaga. Mashine iliyotoka kusaga ngano huacha vumbi lake, na vumbi hilo linatosha kunilaza kitandani siku kadhaa. Kwa hiyo nikifika na mtama wangu, nawapisha wenye mahindi watangulie, mmoja baada ya mwingine, hadi niamini unga wao umeisafisha njia. "Tangulia, mama. Wewe pia, ayeyo." Mtaani najulikana kwa adabu. Kuna bibi aliyenitaja kwa binti yake kama mfano wa mwanamume mwenye subira.

Nikihesabu ninachoweza kula bila hofu, ni maziwa ya ngamia, nyama ya nyirinyiri, mtama, mahindi, wali, maharagwe na tende. Kwa ufupi, nimerudi kwenye lishe ya babu yangu malishoni, aliyekuwa akiuona unga wa ngano kwa nadra. Lakini nilishindwa kabisa kumweleza mjomba. Kwake huu ulikuwa ugonjwa wa wazungu, tena wa wazungu wasio na kazi.

Ndipo nikamsimulia habari za Wasahrawi, wakimbizi wa Sahara Magharibi walio kambini Algeria. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima watoto wao na kukuta zaidi ya 5 katika kila 100 wana siliaki, wakati duniani kwa jumla ni kama mtu 1 katika 100. Wasahrawi walikuwa watu wa maziwa, nyama na tende. Siku hizi unga wa ngano ndio tegemeo lao, na wataalamu wanashuku kwamba badiliko hilo limechangia.

Mjomba akaacha kutafuna. "Abti," akaniita, kama mjomba na mpwa wanavyoitana kwetu, "hao watu ni Waislamu?"

"Ni Waislamu, abti."

"Wanafuga ngamia?"

"Sana."

Akaitazama chapati mkononi, akaiweka chini.

Tangu siku hiyo yeye ndiye msemaji wangu. Anazunguka barazani akitangaza kwamba siliaki ni ugonjwa wa wenye ngamia, kwamba damu ya jangwa haikubali unga wa melini, na kwamba wafugaji wa mbuzi wasijisumbue, hawataupata. Nimemweleza kwamba unaweza kumpata yeyote, hata muuza samaki wa Kisumu. Anatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayesikiliza wivu. Nami nimeacha kubishana, kwa sababu maelezo ya daktari hayakuwahi kunipatia sahani yangu. Sasa tukiketi kula, mjomba mwenyewe anaikagua mikono ya wageni na kuwaonya: "Upande huu msilete chapati. Huyu ni mtu wa ngamia."