Jinsi ya Kuifundisha Roboti Kutembea Kama Kaa

Njia mbili zilimshinda fisi. Wewe unataka roboti yako ya mashindano iende mbele na iende ubavu, tena bila kupasuka msamba. Inawezekana. Fuata hatua hizi.

1. Anzia stendi. Nenda Mbezi Luis, nje ya Kituo cha Mabasi cha Magufuli, utafute bajaji iliyobanwa kati ya magari mawili. Dereva akitaka kusogea hatua moja tu kushoto, atarudi nyuma, atakata usukani, atasogea mbele, atarudi tena. Akichoka, wenzake watainyanyua matako na kuisogeza kwa mikono. Tairi linabingirika mbele na nyuma, lakini kwa ubavu linang'ang'ania lami. Msuguano huohuo ndio unaomaliza chaji ya roboti yenye magurudumu manne ya mpira kila inapogeuka.

2. Lishike gurudumu la omni mkononi. Ukingoni mwake kumepangwa virola vidogo vilivyolala kukingama. Mota ikilizungusha, virola vinashika sakafu na roboti inakwenda. Ukilisukuma kwa ubavu, virola vinazunguka vyenyewe, gurudumu linateleza kama sabuni. Wazo hili si la jana: J. Grabowiecki alipata hataza ya gurudumu la aina hii Marekani mwaka 1919. Usilichanganye na mecanum, la Msweden Bengt Ilon wa miaka ya 1970. Lile virola vyake vimelala mshazari, nyuzi 45.

3. Anza na mawili. Funga ya mpira nyuma, ya omni mbele. Roboti itageuka kwa kuzungukia ekseli ya nyuma huku pua ikiteleza kwa raha zake. Kumbuka tu kwamba pua hiyo inafagia eneo kubwa. Kama mkono wa kuokotea mipira uko mbele, upimie nafasi mapema.

4. Ukitaka ukaa kamili, funga manne kwenye kona, kila moja limekaa nyuzi 45 na lina mota yake. Sasa roboti inakwenda popote bila kugeuza uso. Ila piga hesabu: kwa mota zilezile, spidi ya kwenda mbele inapanda mara 1.4, na nguvu ya kusukuma inashuka hadi kama asilimia 71. Kilichoongezwa huku kimetolewa kule.

5. Mfikirie mpinzani. Ukifunga omni manne yote yakitazama mbele, uhuru wa kuteleza si wako peke yako. Mwenye matairi ya mpira akikugonga ubavuni, utasogea kama kreti ya soda kwenye vigae vilivyolowa. Dawa ninayoiamini ni magurudumu sita: omni kwenye kona nne, mpira mawili katikati. Roboti inageuka kwa wepesi, na ikisukumwa ubavuni yale ya mpira ya katikati yanakataa.

6. Piga vita vumbi. Mchanga wetu hauombi ruhusa, na nyuzi za zulia zinajisokota kwenye vipini vya virola. Kirola kimoja kikikwama, roboti inaanza kuvuta upande na watoto wanalaumu programu. Kabla ya kila mechi, pitisha kidole kwenye virola vyote, kimoja kimoja. Kisichozunguka, kisugue kwa mswaki mkuukuu.

7. Walimu, fungueni kabati. Katika mashindano ya roboti ya FIRST Global, yaliyofanyika mara ya kwanza Washington mwaka 2017, kila nchi huleta timu moja na timu hupewa sanduku la vifaa vya aina moja. Kinachowatofautisha ni saa ambazo vidole vya watoto vimefunga na kufungua skrubu. Sanduku linalotunzwa lisichakae halijawahi kumfundisha mtoto yeyote. Acheni wavunje, wafunge upya, wakosee mbele yenu.

8. Mwisho, ambao ungepaswa kuwa mwanzo: soma sheria za mchezo kabla hujagusa bisibisi. Kama pointi ziko kwenye kusukumana, shika mpira. Kama ziko kwenye kujipanga sawasawa mbele ya kikapu, chukua ukaa. Fisi hakuponzwa na njia kuwa mbili. Aliponzwa na kuanza kutembea kabla hajajua nyama iko upande gani.